Namna Familia Zilivyopashwa Habari za Askari Waliofia Vitani: Kutoka Masasi na Newala ya 1917 Hadi Leo

Kata ya Lulindi iko katika Wilaya ya Masasi, mkoani Mtwara, kwenye nchi iliyo kati ya mji wa Masasi na kingo za uwanda wa Makonde. Juu ya uwanda huo ipo Newala, na chini yake, upande wa kusini, unapita Mto Ruvuma ambao ni mpaka wa Tanzania na Msumbiji. Kwa muda wa zaidi ya karne moja eneo hili limeguswa na vita kwa njia mbili: vita vilivyopiganwa katika ardhi yake, na vita vya mbali ambavyo vilichukua watu wake.

Katika vita vyote hivyo lilikuwapo swali moja ambalo halikuwahusu makamanda bali lilihusu nyumba za wananchi: mtu akifa vitani, nani huleta tanzia nyumbani, kwa njia gani, na baada ya muda gani? Jibu la swali hilo limebadilika sana. Makala hii inaeleza mabadiliko hayo tangu Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia hadi wakati wa askari wa Tanzania wanaolinda amani chini ya Umoja wa Mataifa, pamoja na taratibu ambazo familia inaweza kuzifuata leo.

Vita Kuu ya Kwanza: msiba usiokuwa na mjumbe

Vita ya 1914 hadi 1918 ilifika Newala mwaka 1916. Mwaka huo majeshi ya Ureno yalivuka Mto Ruvuma kutoka Msumbiji na kuikalia Newala, kisha mwezi Novemba yalizingirwa na kufurushwa na majeshi ya Wajerumani. Mwaka uliofuata mapigano makubwa yalihamia kusini. Kati ya tarehe 15 na 18 Oktoba 1917 yalipiganwa mapigano ya Mahiwa, katika eneo ambalo leo ni Mkoa wa Lindi, nayo yalikuwa miongoni mwa mapigano yaliyoua watu wengi zaidi katika Afrika Mashariki. Tarehe 25 Novemba 1917 Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck alivuka Ruvuma na kuingia Msumbiji. Siku tatu baadaye kikosi kingine cha Wajerumani, kilichoongozwa na Theodor Tafel, kilijisalimisha kwa Waingereza karibu na Newala.

Waliobeba uzito mkubwa wa vita hiyo walikuwa wapagazi. Nchi haikuwa na barabara za kutosha, na mbung'o waliua wanyama wa mizigo. Kwa hiyo chakula, risasi na mahema vilibebwa vichwani. Upande wa Waingereza uliandikisha au kuchukua wapagazi wanaokadiriwa kufikia milioni moja katika kipindi chote cha vita. Idadi ya waliokufa miongoni mwao inakadiriwa kuwa 95,000 au zaidi, na wengi wao hawakuuawa kwa risasi bali kwa kuhara damu, malaria, homa ya mapafu na njaa. Jina la Kariakoo, jijini Dar es Salaam na Nairobi, limebaki kama kumbukumbu ya kikosi hicho cha wapagazi.

Ili familia ipashwe habari za kifo, sharti kwanza mtu awe ameandikwa mahali fulani. Hapo ndipo tofauti kubwa ilipokuwa. Askari wa vikosi vya kawaida walikuwa na namba, jina na jina la kijiji katika daftari la kikosi. Wapagazi walioandikishwa rasmi upande wa Waingereza nao walipewa namba. Lakini kundi kubwa lilichukuliwa njiani, kijiji hadi kijiji, kubeba mizigo kwa siku chache kisha kuachiliwa, au kubakizwa kwa muda mrefu zaidi kadiri vita ilivyosonga. Watu wa namna hii walichukuliwa na pande zote. Walimu na makasisi Waafrika wa Misheni ya UMCA, iliyokuwa imekita mizizi Masasi tangu 1876, nao hawakusalimika: Wajerumani waliwashuku kuwa watu wa Waingereza, wakawafunga baadhi yao na wengine wakawalazimisha kubeba mizigo.

Kwa mtu asiyekuwa na namba, hakukuwa na karatasi ya kujaza siku alipokufa. Katika wakati huohuo, nchini Uingereza, familia ya ofisa aliyeuawa ilipelekewa simu ya maandishi, na familia ya askari wa kawaida ilipelekewa barua ya fomu iliyojulikana kwa namba B 104-82. Katika vijiji vya Masasi na Newala habari ilikuja kwa njia nyingine. Ililetwa na mwenzake aliyerudi, ambaye alitembea kwa miguu akapita nyumba kwa nyumba akieleza nani alibaki wapi. Ilipatikana sokoni, kisimani au misheni. Mara nyingi haikuja kabisa, na kutokuja kwake ndiko kulikokuwa habari: msimu wa kulima ulipita, mwingine ukapita, na watu wakaanza kumtaja mtu huyo kwa sauti ya chini.

Athari yake haikuwa ya huzuni peke yake. Mjane hakujua kama ni mjane. Wazee wa ukoo hawakujua kama wakae matanga au wasubiri. Mishahara ya wapagazi wengi waliokufa, katika Kenya na Tanganyika, haikuwafikia warithi wao kwa sababu warithi hao hawakutafutwa au hawakupatikana. Hivyo kukosekana kwa taarifa kuliiondolea familia mtu, na baadaye kukaiondolea haki yake.

Mnara bila majina

Tume ya Makaburi ya Vita ya Dola ya Uingereza iliundwa mwaka 1917 kwa msingi kwamba kila aliyekufa akumbukwe kwa jina lake, bila kujali cheo. Katika Afrika Mashariki msingi huo haukutekelezwa kwa Waafrika. Badala ya makaburi yenye majina, ilijengwa minara ya jumla. Sanamu ya Askari iliyopo katikati ya jiji la Dar es Salaam, iliyozinduliwa mwaka 1927, ni mojawapo, na nyingine zilijengwa Nairobi na Mombasa. Sanamu hizo zinamheshimu askari na mpagazi kwa pamoja, lakini hazimtaji hata mmoja.

Mwezi Aprili 2021 tume hiyo, ambayo sasa ni Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, ilitoa ripoti ya uchunguzi kuhusu jambo hili. Ripoti ilikubali kwamba watu wapatao 45,000 hadi 54,000, wakiwamo Waafrika wa Mashariki na wa Magharibi, Wahindi, Wamisri na Wasomali, walikumbukwa kwa namna isiyo sawa na wenzao. Ilieleza pia kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafikia 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wa kundi hili la pili walitoka Afrika Mashariki na Misri. Kwa familia za kusini mwa Tanzania, ripoti hiyo ilitoa maelezo ya kiofisi ya jambo ambalo wazee walikuwa wakilijua: majina hayapo minarani kwa sababu wenye mamlaka waliamua yasiwepo, au kwa sababu hayakuandikwa tangu mwanzo.

Vita Kuu ya Pili: kutoka Nairobi hadi kwa jumbe

Vita ya 1939 hadi 1945 ilikuta utawala wenye madaftari zaidi. Tanganyika ilitoa askari zaidi ya 80,000 waliotumika Ethiopia, Somalia, Madagaska na Burma katika vikosi vya King's African Rifles, mizinga, uhandisi, uchukuzi na tiba. Kila mmoja aliandikishwa kwa namba, kabila, wilaya, jumbe wake na jina la ndugu ambaye angearifiwa.

Njia ya tanzia ilikuwa ndefu. Kikosi kilitoa taarifa ya kifo kwa ofisi ya kumbukumbu za jeshi jijini Nairobi. Kutoka hapo taarifa ilipelekwa kwa mkuu wa wilaya, ambaye wananchi walimwita Bwana Shauri, katika boma la Masasi au Newala, wilaya zilizokuwa chini ya Jimbo la Kusini. Boma lilimwita au lilimpelekea ujumbe liwali au jumbe, na yeye ndiye aliyekwenda au aliyemtuma mtu kijijini. Kwa hiyo maneno yaliyoandikwa kwa Kiingereza karibu na uwanja wa vita yalifika mlangoni kwa Kimakua, Kimakonde, Kiyao au Kiswahili, baada ya kupita katika mikono ya watu wengi.

Njia hiyo ilikuwa na faida moja ambayo simu ya maandishi haikuwa nayo. Aliyeleta habari alikuwa mtu anayejulikana, aliyejua desturi za msiba, aliyeweza kuwatafuta wazee kwanza kabla ya kumkabili mama au mke. Lakini ilikuwa na hasara mbili. Ya kwanza ni muda: kila kituo kilichelewesha habari, na masika yalipofunga njia ucheleweshaji uliongezeka. Ya pili ni usahihi: majina ya Kiafrika yaliandikwa na makarani na maofisa kwa tahajia tofauti, na mtu mmoja aliweza kuwa na jina la unyago, jina la ubatizo au la Kiislamu, na jina la baba. Namba ya askari ndiyo iliyokuwa salama kuliko jina lake, lakini namba ndiyo ambayo mama yake hakuifahamu.

Dalili ya kwanza ya msiba mara nyingine haikuwa tanzia. Askari wengi waliagiza sehemu ya mshahara wao ilipwe kwa jamaa zao bomani. Familia iliyozoea kupokea fedha hizo ilitambua kwamba kuna jambo pale malipo yaliposimama au yalipobadilishwa. Barua nazo zilikuwa kipimo. Katika vijiji ambako wachache walijua kusoma, barua ya askari ilisomwa kwa sauti na mwalimu au katekista, na barua zilipoacha kuja, kijiji kizima kilijua.

Siri ya kijeshi iliongeza uzito. Tarehe 12 Februari 1944 meli ya uchukuzi Khedive Ismail, iliyokuwa ikitoka Mombasa kwenda Colombo, ilipigwa na nyambizi ya Japani karibu na visiwa vya Maldives, ikazama kwa muda wa dakika chache. Walikufa watu 1,297, wengi wao wakiwa askari wa kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki. Waliookoka walikuwa kidogo zaidi ya 200. Hapakuwa na mwili wa kuzikwa wala kaburi la kuonyeshwa. Majina ya askari wa Afrika Mashariki waliopotea katika meli hiyo yameandikwa katika Kumbukumbu ya Afrika Mashariki iliyopo kwenye makaburi ya vita ya Nairobi. Ya wale waliokufa Burma bila kaburi kujulikana yamo katika kumbukumbu ya Rangoon, kwenye makaburi ya Taukkyan. Tofauti na wapagazi wa 1917, hawa wana majina. Lakini majina hayo yako mbali, na jamaa wengi hawakupata kuambiwa kwamba yameandikwa.

Nani ndiye ndugu wa karibu?

Fomu ya jeshi ilikuwa na nafasi ya kuandika ndugu wa karibu. Kwa waliotunga fomu hiyo, jibu lilikuwa dhahiri: mke, au baba ikiwa askari hajaoa. Kwa watu wa Masasi na Newala jibu halikuwa rahisi. Wamakonde, Wamakua na Wayao ni jamii ambazo kwa asili huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mwenye sauti kubwa juu yake katika mambo ya ukoo ni mjomba, yaani kaka wa mama. Mali ya mwanamume kwa desturi hiyo huelekea kwa ndugu zake wa tumbo moja na kwa watoto wa dada zake.

Hivyo askari aliyeandika jina la mjomba alifuata desturi, na aliyeandika jina la mke alifuata fomu. Alipokufa, taarifa ilifika kwa aliyeandikwa, na malipo ya haki zake yalifuata taarifa. Mahali ambapo mke alikuwa kijiji kimoja na mjomba kijiji kingine, mmoja alijua kabla ya mwingine, na kujua mapema kulikuwa na maana katika mgao. Juu ya hayo yalikuwapo mafundisho ya dini. Familia za Kiislamu zilikuwa na hesabu za mirathi zilizowekwa na sheria ya dini na eda ya mjane ya miezi minne na siku kumi. Familia za Kikristo zilihitaji uthibitisho wa kifo kabla ya mjane kufunga ndoa nyingine. Kwa hiyo tarehe ya kifo iliyoandikwa vibaya haikuwa kosa dogo la karani. Ilihusu ndoa, watoto, shamba na heshima ya mtu.

Somo lililotokana na hali hiyo linadumu hadi leo. Anayejaza fomu ya ndugu wa karibu hajazi nafasi tupu. Anachagua nani atabishiwa hodi siku ya msiba.

Kufa, kutekwa na kutojulikana alipo

Habari za majeruhi wa vita hugawanywa katika mafungu, nayo hayana uzito sawa. Askari anaweza kuwa amekufa, amejeruhiwa, ametekwa, au hajulikani alipo. Fungu la mwisho ndilo gumu zaidi kwa familia, kwa sababu halimalizi jambo.

Utaratibu wa kimataifa wa kupunguza hali hiyo ulipanuka mwaka 1914, pale Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilipofungua jijini Geneva wakala wa kutafuta habari za wafungwa wa vita. Baada ya Vita Kuu ya Pili utaratibu huo uliwekwa katika Mikataba ya Geneva ya 1949, ambayo Tanganyika ilijiunga nayo mwaka 1962. Mkataba wa Kwanza unazitaka pande zinazopigana kuandika, kwa kila maiti ya adui iliyo mikononi mwao, jina, namba, tarehe ya kuzaliwa, mahali na tarehe ya kifo na sababu yake, kisha kuzipeleka habari hizo upande wa pili. Unataka pia maiti azikwe kwa heshima, kadiri inavyowezekana katika kaburi lake peke yake, na kaburi liwekewe alama.

Kifaa kidogo kinachowezesha yote hayo ni kibati cha utambulisho anachovaa askari shingoni. Kikiwa cha sehemu mbili, nusu moja hubaki na mwili na nusu nyingine hupelekwa pamoja na taarifa. Itifaki ya Kwanza ya Nyongeza ya 1977 ilikwenda mbele zaidi kwa kutambua haki ya familia kujua yaliyowapata jamaa zao. Kwa lugha nyepesi, kujua si hisani ya serikali wala ya jeshi. Ni haki.

Baada ya Uhuru: Ruvuma na Kagera

Jeshi la Wananchi wa Tanzania lilianzishwa tarehe 1 Septemba 1964. Mwezi huohuo FRELIMO ilianza vita vya ukombozi wa Msumbiji, na nchi ya Masasi, Newala na Nachingwea ikawa jirani wa vita hadi Msumbiji ilipopata uhuru tarehe 25 Juni 1975. Wakimbizi walivuka Ruvuma, na wapiganaji walifunzwa Nachingwea. Familia zenye ndugu pande zote mbili za mto zilikuwa zikipokea habari za vifo kutoka ng'ambo kwa midomo ya wasafiri, kama ilivyokuwa zamani. Mwishoni mwa miaka ya 1980 askari wa Tanzania walitumwa tena Msumbiji kuisaidia serikali ya nchi hiyo. Makaburi ya mashujaa ya Naliendele, nje kidogo ya mji wa Mtwara, ni mahali ambapo wamezikwa askari waliopoteza maisha katika jukumu hilo. Kwa wananchi wa Masasi na Newala, hayo ndiyo makaburi ya mashujaa yaliyo karibu zaidi.

Vita vya Kagera vilikuwa mtihani wa aina nyingine. Majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, na tarehe 2 Novemba Rais Julius Nyerere alilitangazia taifa kwamba Tanzania itapigana. Waziri wa Mambo ya Nchi za Nje wakati huo alikuwa Benjamin Mkapa, mzaliwa wa Lupaso, Masasi, ambaye baadaye alikuwa Rais wa Awamu ya Tatu. Kampala ilitekwa tarehe 11 Aprili 1979, na mapigano yakamalizika mwanzoni mwa Juni.

Jeshi liliongezwa kwa haraka kwa kuwaingiza vijana wa Jeshi la Kujenga Taifa, mgambo, polisi na magereza kutoka kila mkoa. Redio Tanzania Dar es Salaam na magazeti yaliwapa wananchi habari za ushindi na za kusonga mbele. Lakini redio haikuwa mahali pa mama kusikia kifo cha mwanawe, na kwa sababu za usalama habari za vifo hazingeweza kutangazwa siku kwa siku. Taarifa ya mtu mmoja mmoja ililazimika kufuata njia ya kikosi, mkoa, wilaya na kijiji. Safari hii njia hiyo ilikuwa na tofauti muhimu: ilipita mikononi mwa viongozi wa wananchi wenyewe, na kijiji chenye mgambo wake kilikuwa na orodha yake.

Askari wengi waliofia katika vita hivyo walizikwa Kaboya, katika Wilaya ya Muleba, mkoani Kagera. Kaboya iko kaskazini magharibi kabisa mwa nchi, na Masasi iko kusini mashariki kabisa. Jamaa wa shujaa aliyezikwa huko anajua alipolala ndugu yake, jambo ambalo jamaa wa mpagazi wa 1917 hakulijua, ingawa safari ya kwenda kulizuru kaburi si ya kila mtu. Kila mwaka, tarehe 25 Julai, taifa huwakumbuka wote hao katika Siku ya Mashujaa.

Walinda amani: familia kwanza, umma baadaye

Katika miaka ya karibuni Watanzania waliopoteza maisha wakiwa na sare za jeshi wengi wao wamekuwa walinda amani. Tarehe 13 Julai 2013 askari 7 wa Tanzania waliuawa huko Darfur, Sudan. Tarehe 7 Desemba 2017 kambi ya walinda amani ya Semuliki, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ilishambuliwa. Taarifa za mwanzo zilisema waliouawa ni askari 14 wa Tanzania. Uchunguzi wa baadaye wa Umoja wa Mataifa ulitaja 15, pamoja na majeruhi wengi. Miili ililetwa Dar es Salaam siku chache baadaye, taifa likatoa heshima za mwisho katika viwanja vya Makao Makuu ya Jeshi, Upanga, kisha marehemu wakapelekwa kuzikwa makwao.

Matukio hayo mawili yanaonyesha umbali uliokwishapitiwa. Mwaka 1917 mwili haukurudi na habari haikuja. Mwaka 1944 habari ilikuja bila mwili. Mwaka 1979 kaburi lilijulikana, lakini mbali. Leo mwili hurudi nyumbani ukiwa umefunikwa bendera ya Taifa, na wakubwa wa jeshi huwepo msibani.

Hata hivyo hatari mpya imejitokeza. Zamani habari ilichelewa. Sasa inaweza kutangulia mbele ya mjumbe. Picha au jina hurushwa katika mitandao ya kijamii ndani ya dakika chache, kabla kikosi hakijathibitisha nani amekufa. Majeshi mengi duniani hufuata kanuni kwamba jina halitangazwi kwa umma hadi familia iwe imearifiwa ana kwa ana. Kanuni hiyo haiwezi kusimama bila msaada wa wananchi. Anayesambaza jina lisilothibitishwa anaweza kumuua mtu aliye hai mbele ya mama yake, au kumnyima mjane haki ya kuambiwa na mtu aliyeketi mbele yake.

Taratibu zinazoihusu familia leo

Familia iliyofiwa na askari, au inayomtafuta jamaa wa vita vya zamani, ina njia zifuatazo.

Kwanza, usajili wa kifo. Vifo husajiliwa na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, RITA, kwa huduma inayopatikana pia katika ngazi ya wilaya. Cheti cha kifo ndicho msingi wa madai mengine yote, yakiwamo mirathi na mafao. Familia inashauriwa kuhakikisha kwamba majina yaliyomo katika cheti yanalingana na yale yaliyo katika nyaraka za utumishi.

Pili, mirathi. Baada ya kikao cha familia au ukoo kumpendekeza msimamizi, maombi hupelekwa mahakamani. Mahali ambapo upande wa mke na upande wa mjomba wana mawazo tofauti, mahakama ndiyo yenye kauli, na muhtasari wa kikao ulio sahihi hupunguza ugomvi.

Tatu, mtu asiyejulikana alipo. Sheria ya Ndoa ya 1971 inaruhusu mtu ambaye hajasikika kwa miaka mitano na wale ambao kwa kawaida wangepaswa kusikia habari zake achukuliwe kuwa amefariki, hadi uthibitisho wa kinyume upatikane. Tamko hilo hutolewa na mahakama, si na wanafamilia wenyewe.

Nne, kumbukumbu za zamani. Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa inahifadhi majalada na vitabu vya wilaya vya wakati wa ukoloni. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ina orodha ya majina ya waliokufa katika vita kuu zote mbili, ambayo mtu yeyote anaweza kuitafuta katika intaneti bila malipo. Anayetafuta aanze kwa namba ya askari ikiwa ipo, kisha ajaribu jina kwa tahajia mbalimbali. Familia yenye kitambulisho, nishani, barua au hati ya kuachishwa jeshi aitunze mahali pakavu na kuipiga picha, kwa maana karatasi moja ya babu inaweza kuwa uthibitisho pekee uliobaki.

Tano, kwa aliye kazini sasa: jina la ndugu wa karibu na namba yake ya simu vihakikiwe kila hali ya familia inapobadilika, kwa ndoa, talaka, kifo au kuhama.

Katika vijiji vilivyo chini ya uwanda wa Makonde bado wapo wazee waliopewa na wazazi wao majina ya watu waliochukuliwa kubeba mizigo na hawakurudi. Majina hayo hayamo katika daftari lolote la vita wala hayakuchongwa katika mnara. Kuyaandika sasa, pamoja na kijiji, ukoo na mwaka unaokumbukwa, ni kazi ambayo ofisi ya kijiji, shule au familia yenyewe inaweza kuifanya. Wakati tanzia ya 1917 ilikosa mjumbe, ukoo ulilinda jina kwa kulirithisha. Kazi iliyobaki ni kulitia katika maandishi kabla wanaolijua hawajaondoka.